Ukuta Uliomeza Shawa

Shangazi yangu alisimama mlangoni mwa bafu la nyumba yake mpya kule Kigamboni, akautazama ukuta uliochimbwa mifereji kama shamba la mihogo, kisha akauliza: "Sasa fundi, hiki ndicho nilichokilipia?"

Fundi bomba alikuwa amechuchumaa na pima maji mkononi. Mbele yake, ndani ya shimo la ukuta, kilikaa kiboksi cha plastiki chenye upana wa kisahani cha chai, mabomba mawili yakikiingia na moja likitoka kuelekea juu. "Ndicho, mama," alijibu bila kugeuka. "Kile kinachong'aa ulichokiona dukani kitakuja mwisho. Kazi yenyewe ataifanya huyu."

Alipomaliza kukaza, alinyoosha futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye kiboksi, akapiga picha kwa simu. Akapima kutoka kona ya ukuta hadi kwenye bomba la moto, akapiga nyingine. Picha zote akamrushia shangazi. "Hizi usizifute, mama, hata ukibadilisha simu." Siku ya pili yake fundi wa lipu aliufunika ukuta, fundi wa vigae akafuata, na kiboksi hakikuonekana tena.

Ukiingia leo katika bafu hilo utaona bamba moja la duara, kishikio kimoja, na kichwa cha shawa kinachochomoza ukutani. Mabomba, koki na viungo vyote vimelala nyuma ya vigae. Je, wajua mtindo huu ulianzia wapi, na kwa nini kiboksi kile kisicho na sura kina thamani kuliko uso wake wa kung'aa?

Simu kwa msanifu wa benki

Mwaka 1961, msanifu majengo wa Denmark, Arne Jacobsen, alikuwa ameshinda shindano la kusanifu Benki Kuu ya nchi yake jijini Copenhagen. Akapigiwa simu na Verner Overgaard, mwenye kiwanda katika mji wa Horsens. Overgaard alikuwa na wazo la bomba la ukutani ambalo mitambo yake yote ingefichwa, nje kubaki vishikio na mdomo wa kutolea maji tu. Jacobsen, aliyekuwa hapendi kitu kisicho na kazi kionekane, alilipokea wazo hilo na kulichora. Mwaka 1968 likazaliwa bomba la VOLA. Kiwanda hicho kinaendelea kulitengeneza hadi leo, na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York limelihifadhi miongoni mwa vitu vyake.

Kuficha maji ndani ya jengo, kwa kweli, si ugeni kwetu. Pale Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hamamu iliyojengwa katika enzi ya Sultani Barghash ilipashwa moto kwa njia zilizopita chini ya sakafu. Mwogaji alihisi joto miguuni bila kuona lilikotoka. Tofauti ni kwamba Hamamni ilikuwa na watumishi wa kuuchochea moto na kuyaangalia maji. Shawa ya ukutani imeachwa peke yake gizani, na inatakiwa ijiangalie.

Baba mmoja, kampuni mbili

Historia ya shawa hizi inapita pia katika familia moja ya Ujerumani. Mwaka 1901 Hans Grohe alifungua karakana katika mji mdogo wa Schiltach, ndani ya Msitu Mweusi. Mwaka 1928 karakana hiyo ilitoa shawa ya kushika mkononi, na mwaka 1953 ikaleta fimbo ya ukutani inayomwezesha mtu kuipandisha au kuishusha shawa kulingana na kimo chake. Mwanawe Friedrich alitaka kujitegemea. Mwaka 1936 alichukua kiwanda kingine katika mji wa Hemer, na ndicho kilichokuja kuitwa Grohe. Ndiyo maana leo mnunuzi dukani hujikuta kati ya Hansgrohe na Grohe akidhani moja ni bandia ya nyingine, kumbe ni ya baba na ya mwana. Siku hizi hata mali zimegawanyika kimabara. Grohe imo mikononi mwa LIXIL ya Japani tangu mwaka 2014, na sehemu kubwa ya Hansgrohe inamilikiwa na Masco ya Marekani.

Hatua iliyobadilisha biashara nzima ilitoka katika kampuni ya baba. Zamani kila aina ya mikisa ya ukutani, yaani bomba la kuchanganya maji ya moto na baridi, ilikuwa na mwili wake wa shaba. Mteja alilazimika kuamua kabla ya lipu atatumia mikisa gani, na akibadilisha mawazo, ukuta unavunjwa. Mwaka 2001 Hansgrohe ilitoa kiboksi ilichokiita iBox universal, kimoja kinachokubali nyuso nyingi: ya duara au ya mraba, ya mikisa ya kawaida au ya thamostati. Kinazikwa kwa kina cha kati ya milimita 80 na 108, kwa hiyo hata fundi wa vigae akiongeza gundi kidogo kupita hesabu, bado uso utakaa sawa. Washindani walifuata na viboksi vyao.

Kilichomo ndani

Ukikifungua kiboksi utakuta mwili wa shaba nyeupe wenye njia nne. Maji baridi yanaingia upande mmoja, ya moto upande wa pili, na yaliyochanganyika yanatoka juu kwenda kwenye shawa au chini kwenda kwenye bomba la ndoo. Katikati kuna katriji, na humo ndimo akili ya chombo ilimo. Ni kikopo kidogo chenye visahani viwili vya kauri ngumu, vilivyosuguliwa vikawa laini kiasi kwamba vikilaliana maji hayapenyi. Kimoja kimetulia, kingine kinafuata mkono wako. Matundu yao yakikutana, maji yanapita, yakipishana, yanakatika.

Jambo la kuzingatia ni namna katriji ilivyowekwa. Inaingia na kutoka kwa mbele. Ukifungua skrubu za uso na kulivuta lile bamba, unaifikia katriji, vichujio na oringi zote bila kugusa kigae hata kimoja. Chochote kinachochakaa kimewekwa mkono unapofika, na chochote kisichofikika kimetengenezwa kisichakae. Ukiyashika hayo mawili umeielewa teknolojia nzima. Kiboksi cha bei ya kutupa kinachozika oringi nyuma ya lipu kimeficha vizuri sana, na hilo ndilo kosa lake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi bomba anaweza kuongeza: usipokaza kiungo, utaubomoa kwanza. Kwa sababu hiyo mfumo huu haufunikwi kabla ya kupimwa. Matundu yote yanazibwa, maji yanasukumwa kwa pampu ya mkono kupita presha ya kawaida, na mshale wa geji unaachwa usiku kucha. Ukishuka asubuhi, kuna kiungo kinachovuja. Jirani mmoja wa shangazi aliruka hatua hii ili awahi kuhamia. Baada ya miezi michache rangi ya chumba cha kulala ilianza kubabuka, upande wa pili wa ukuta wa bafu. Walivunja vigae 11 kukitafuta kiungo kimoja cha bomba, na vigae vya rangi ile dukani vilikuwa vimekwisha.

Nta ile ile ya kwenye gari

Mwaka 1937 kijana wa Kimarekani, Al Moen, alifungua bomba la koki mbili akaunguzwa mikono na maji ya moto. Akaenda kubuni mikisa ya kishikio kimoja, na ya kwanza iliuzwa mwaka 1947. Ngozi ya binadamu haina uvumilivu: maji ya nyuzi 60 za Selsiasi yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Hita ya jua iliyoshinda kwenye jua kali juu ya bati hufika joto hilo bila shida.

Kinga dhidi ya kuungua huko ni thamostati. Ndani ya katriji ya aina hii kuna kidonge cha nta kilichozungukwa na maji yaliyochanganyika. Maji yakizidi joto, nta inayeyuka, inapanuka, inasukuma pini, na pini inabana mlango wa maji ya moto huku ikifungua wa baridi. Maji yakipoa, nta inanywea na springi inarudisha pini nyuma. Haihitaji umeme wala betri. Maji baridi yakikatika ghafla wakati una povu machoni, nta hubana mlango wa moto kabla hujaungua. Vishikio vingi vya thamostati vina kizuizi kwenye nyuzi 38, karibu sana na joto la mwili, na ukitaka zaidi ni lazima ubonyeze kitufe kwa makusudi.

Nta hii mafundi magari wanaijua sana. Ndiyo iliyomo ndani ya thamostati ya injini, inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Mafundi wetu wengi wana tabia ya kuitoa na kuitupa gari likianza kuchemsha. Tuombe tabia hiyo isihamie bafuni.

Mita kumi za tangi

Shawa hizi zilichorwa kwa ajili ya miji ambako maji hutoka barabarani yakiwa na presha. Watengenezaji wengi wanataka angalau baa 1, na baa 1 ni uzito wa maji yaliyosimama kimo cha mita 10. Sasa tazama nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Maji ya mtaa yanaingia kwenye tangi la plastiki, tangi limekaa juu ya mnara, na kutoka kwenye maji yake hadi kichwa cha shawa ni mita tatu hivi. Hiyo ni baa 0.3. Kichwa kipana cha mvua ulichokitamani hotelini kitadondosha maji kama mti baada ya manyunyu. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha, nayo ilishe mabomba yote mawili. Ukisukuma la baridi peke yake na kuliacha la moto litegemee tangi, lenye nguvu litamsukuma mnyonge hadi ndani ya hita, na mikisa itakosa cha kuchanganya.

Wengine hununua mikisa ya ukutani, kisha juu wakafunga kichwa cha shawa cha umeme, kile kinachopasha maji humo humo. Kichwa hicho kinahitaji maji baridi tu, kwa hiyo mikisa ya gharama imegeuka koki ya kufungulia na kufunga.

Pwani kuna adui mwingine, chumvi. Shaba nyeupe ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji ya kisima yenye chumvi nyingi hutafuna zinki taratibu. Kinachobaki ni madini mekundu yenye vitundu, yanayovunjika kama biskuti. Kuna aina ya shaba nyeupe iliyotengenezwa kuhimili ulaji huu, na kwa kitu kitakachokaa ukutani miaka 20, swali la kwanza dukani lingekuwa hilo kabla ya kuuliza rangi.

Biashara ya vipande viwili

Dukani shawa hii huuzwa mara mbili: sehemu ya ndani na sehemu ya nje. Mjenzi hununua ya ndani mapema, na mwenye nyumba huchagua ya nje mwaka mmoja baadaye. Ni raha kwa wote, ila kiboksi cha kampuni moja hakikubali uso wa nyingine. Aliyekuuzia kiboksi ameshajitengea nafasi ukutani kwako: uso mpya, katriji mpya, vyote utavifuata kwake.

Kwa hiyo mwenye duka mwenye vipuri ana thamani kuliko mwenye punguzo. Kariakoo si ajabu kumkuta fundi anazunguka duka hadi duka na katriji iliyochakaa mfukoni, akitafuta pacha wake. Bidhaa zinatoka Ulaya, zinatoka India, ambako Jaquar imechukua jina la bibi wa familia ya waanzilishi, Jai Kaur, na zinatoka China, kwenye miji kama Shuikou wa mkoa wa Guangdong, ambako mabomba ndiyo kazi ya mji. Nyingine hazina jina kabisa. Zinang'aa sawasawa, kwani kromiamu ya juu ni utando mwembamba kuliko unywele na haisemi lolote kuhusu shaba ya chini yake. Ukitaka kupima bila maabara, shika mwili wa ndani mkononi. Mzito una nafasi ya kuwa shaba ya kweli, mwepesi una maelezo ya kutoa.

Vidole vinne

Mwaka uliofuata nilikuwa Kigamboni shangazi alipomwita kijana wa kufunga reli ya taulo. Kijana alitia alama kwa penseli kwenye kigae, mahali pazuri kabisa, karibu na shawa, akachomeka drili.

"Subiri, baba," shangazi alisema. Akavaa miwani, akatafuta kwenye simu yake kati ya picha za harusi na za wajukuu, mpaka akaupata ukuta wake ukiwa uchi, na futi kamba imenyooshwa kutoka kwenye kona. Akamwomba kijana apime. Alama ya penseli iliangukia juu ya bomba la maji ya moto.

Shangazi akarudisha simu kwenye mkoba. "Sogea kushoto," alimwambia. "Vidole vinne."