Bendera za Kirby: Uzalendo unaotundikwa roshani

KWA mgeni anayefika Bermondsey, kusini mashariki mwa London, wakati timu ya soka ya England iko kwenye mashindano makubwa, nyumba za Kirby Estate hazihitaji kuulizwa njia. Mamia ya bendera nyeupe zenye msalaba mwekundu hufunika kuta na roshani za ghorofa.

Desturi hiyo ilishika kasi mwaka 2012, wakati wa Kombe la Ulaya, nayo ikakua hadi wapiga picha wa vyombo vya habari wakawa wanafika kuitazama. Kazi ya kutundika hufanywa na wakazi wenyewe.

Ikumbukwe kwamba hiyo si bendera ya Uingereza nzima, bali ya England peke yake: msalaba wa Mtakatifu George. Mtakatifu huyo hakuwa Mwingereza; mapokeo yanamtaja kuwa mtu wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo, na Waethiopia wanamheshimu kiasi cha kumchongea kanisa zima mwambani huko Lalibela. Mwaka 1966, England ilipotwaa Kombe la Dunia, mashabiki wengi Wembley walipeperusha bendera ya muungano, yenye buluu. Msalaba mwekundu ulitawala majukwaa baadaye, katika Kombe la Ulaya la 1996.

Kisheria hakuna utata mkubwa. Kanuni za matangazo za England za mwaka 2007 zinaruhusu bendera ya taifa lolote kupeperushwa bila kibali cha mipango miji, mradi itunzwe vizuri, isihatarishe watu na mwenye jengo awe ameridhia. Anayetundika bendera ya Jamaika au Tanzania anayo haki ile ile.

Utata uko kwenye maana. Katika miaka ya 1970 na 1980 makundi ya wabaguzi yalibeba bendera za taifa katika maandamano yao, na familia nyingi zilizotoka Afrika, Asia na Karibi zikajifunza kuziona kama onyo. Jeraha hilo halijapona. Usiku wa Julai 11, 2021, baada ya England kushindwa na Italia kwa penalti, wachezaji weusi Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walitukanwa mitandaoni kwa rangi yao, ingawa jezi walizovaa zilikuwa za taifa hilo hilo.

Kirby ina nafuu moja: aliyetundika anajulikana, anaishi nyuma ya bendera yake, na sababu ni mpira. Hali ilikuwa tofauti Agosti 2025, bendera zilipofungwa usiku kwenye nguzo za taa katika miji mingi ya England. Waliounga mkono waliuita uzalendo. Wengine waliona ni ujumbe kwa wahamiaji. Baadhi ya halmashauri ziliziondoa, zikitaja usalama, kwani nguzo ya taa barabarani si mali ya mkazi yeyote.