Kasuka rasta kwa pesa ya TASAF… kosa liko wapi?

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo, ingawa nywele zitakuwemo. Nywele ndizo zilizonitia kwenye mada hii.

Ilikuwa mwaka 2023, kwenye saluni moja hapa Singida mjini. Tuko akina dada watano, wawili kwenye viti, mmoja chini ya draya, sisi wengine tunasubiri zamu. Nje akapita mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, kichwani kasuka rasta za maana, mpya kabisa. Wajameni, midomo haikuchelewa! "Mwoneni huyo, pesa za TASAF hizo!" Mwenzake akadaka: "Kazi kuzaa tu, serikali inalea." Saluni nzima kicheko. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo dada wa watu alisikia. Hakugeuka. Alikaza kanga ya mtoto, akaongeza mwendo.

Mimi namfahamu. Ana watoto watatu. Baba yao aliaga kwamba anakwenda machimboni kutafuta maisha, na inaelekea bado anayatafuta, maana hata salamu haijarudi. Zile rasta alisukwa na mdogo wake nyuma ya nyumba, bure kabisa. Lakini ngoja kwanza. Kwani angelipia, je? Mwanamke akiandikwa maskini ndiyo aishi na kichwa kama fagio mpaka afe?

Kwa wale ambao husikia jina tu: TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na huo mpango unaosemwa mitaani ni wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012. Awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Mpango haukuandikwa kwa ajili ya akina mama wasio na waume. Uliandikwa kwa kaya maskini, wakiwemo wazee na wenye ulemavu. Ila ukienda siku ya malipo, wanaojipanga wengi ni wanawake, na kati yao ni wengi wanaolea peke yao. Ndiyo maana matusi yote yanawaangukia wao. Bibi kizee akipokea, watu husema "afadhali". Dada wa miaka ishirini na tano akipokea, watu huuliza nani alimtuma azae.

Sasa sikia jinsi mtu anavyoingia humo. Huendi ofisini kimyakimya ukajaza fomu. Unaitishwa mkutano wa mtaa au kijiji, watu wenyewe wanazitaja kaya zilizo hoi kuliko nyingine, wahusika wanahojiwa nyumbani, kisha majina yanarudishwa mkutanoni yasomwe mbele za watu. Yaani jirani zako wanakaa, wanasikia jina lako, wanakubali kwamba kweli wewe ni fukara. Wiki ijayo jirani wale wale wanakuita "mama TASAF" bombani. Hiyo mimi ndiyo isiyoniingia akilini. Mlimpigia mikono juu wenyewe!

Haya, tuje kwenye mshiko wenyewe, maana ukiwasikiliza watu unaweza kudhani mtu anajengewa ghorofa. Katika awamu ya kwanza kaya ilipewa ruzuku ya msingi shilingi 10,000 kwa mwezi. Kama kuna watoto, ikaongezwa 4,000. Mtoto mchanga anayehudhuria kliniki, 4,000. Wa shule ya msingi, 2,000 kila mmoja. Juu kabisa, hata uwe na watoto wangapi, mwisho 38,000. Mimi ni wa kidato cha nne tu na hesabu nilipata alama ninayoijua mwenyewe, lakini hii sikuhitaji mwalimu. Mama mwenye mtoto mchanga na wawili wa shule ya msingi: 22,000 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Gawa kwa siku thelathini, shilingi 733. Gawa tena kwa midomo minne, kila mmoja hapati hata mia mbili kwa siku. Nionyeshe msusi wa rasta wa mia mbili, nihamie kwake leo!

Na hizo si za bure kama tunavyopenda kusema. Mtoto asipohudhuria shule, au mchanga asipopelekwa kliniki, pesa inakatwa. Kulikuwa pia na kazi za miradi ya jamii: kuchimba malambo, kutengeneza barabara, kupanda miti. Ujira wa awamu ya kwanza ulikuwa 2,300 kwa siku, siku zisizozidi sitini kwa mwaka. Huyu "mvivu" tunayemcheka aliposhika sururu alipata 138,000, kwa mwaka mzima.

"Wanazaa ili waongezewe." Hii nimeisikia saluni, nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia hata msibani. Jamani, nani anabeba tumbo miezi tisa kwa ajili ya 4,000? Nchini Zambia, watafiti waliufuatilia mpango wa serikali wa kuzipa kaya pesa za watoto wadogo, na mwaka 2016 wakatoa jibu: kuzaa hakukuongezeka. Hapa kwetu, majaribio ya kwanza ya TASAF ya mwaka 2010 yalifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, hapo Dodoma kwa jirani zetu. Watafiti walikuta nini? Kaya zilizopewa pesa zilikuwa zimenunua mifugo midogo kama kuku na mbuzi, watoto wamepata viatu, na watu wamejiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Kuku! Na sisi wa Singida tunaojua kuku amesomesha wangapi ndio tunaowacheka.

Tusijione wa pekee, maana ugonjwa huu hauna uraia. Marekani, mwaka 1976, Ronald Reagan akitafuta kugombea urais alizunguka akisimulia habari za mwanamke wa Chicago anayeneemeka kwa pesa za ustawi, na tangu hapo kila mama maskini akawa mshukiwa. Uingereza, mwaka 1992, waziri wa hifadhi ya jamii Peter Lilley alipanda jukwaani kwenye mkutano wa chama chake akatamba kwa mashairi ya kuwasimanga, miongoni mwa wengine, wasichana aliosema wanabeba mimba ili wapewe nyumba za halmashauri haraka. Ukumbi ukashangilia. Saluni yetu na ukumbi ule, tofauti ni viti tu.

Kicheko kina gharama zake. Yule dada wa rasta aliniambia ana vitenge viwili vipya, zawadi ya harusi ya shemeji yake, na havai. Anaogopa. Alipouza majogoo yake akataka kubadilisha mabati mawili yanayovuja, alingoja wiki kadhaa akitafuta maneno ya kuwaambia majirani. Alihofia mtu atapiga ripoti kwamba ametajirika, akatwe. "Mdogo wangu," aliniambia, "mvua inaninyeshea kwa hiari yangu." Mwanawe wa darasa la tatu aliwahi kugoma kwenda shule kwa sababu wenzake humwita "sare ya TASAF". Na asipokwenda shule, unajua nini kinatokea kwenye ile ruzuku.

Sasa nina swali moja tu. Katika hesabu yote hii, baba yuko wapi? Saluni ile hakuna aliyemtaja. Mama anahesabiwa mpaka nyuzi za nywele, baba hata haulizwi amevaa viatu gani. Tena ajabu, mwanaume akiachiwa watoto na mkewe, mtaa mzima unamhurumia: huyu analeta mlenda, yule anamfulia, wa tatu anamtafutia mchumba.

Sheria nayo ilichelewa sana. Zamani, mama ambaye hakuolewa akimshitaki baba wa mtoto, kiwango cha matunzo kilikuwa kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja! Kilibaki kwenye vitabu huku bei zikipanda, mpaka ilipokuja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hiyo inasema matunzo ni wajibu wa wazazi, ndoa iwepo isiwepo. Mama anaweza kuomba mahakama imtambue baba, na baba akikana, mahakama inaweza kuagiza vipimo vya vinasaba, vile tunavyoviita DNA. Kiasi kinapangwa kwa kuangalia kipato na mali za wazazi. Pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sisemi ni rahisi. Mtu aliyeko machimboni huwezi kumpelekea samansi kama hujui ni machimbo gani, na nauli ya kwenda na kurudi mahakamani ni ileile pesa ya unga.

Juzi nilimsimulia habari hizi mshikaji wangu mmoja, tukinywa chai karibu na stendi ya Misuna. Huyu anawasema sana akina mama wa TASAF, anasema wanamaliza kodi yake. Naye ana mtoto Manyoni, kwa maneno yake "yuko kwa mama yake, hana shida". Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akaniuliza hiyo sheria inaanza lini.

Nikamwambia ilishaanza, kaka. Ni ya mwaka 2009.

Akachukua kijiko akakoroga kikombe, na chai yenyewe ilikuwa imekwisha.