Babu wa babu yako Pemba alikuwa nani? Jina la tatu halitoshi kukujibu

Chukua jina la mtu wa Pemba: Ali Hamad Juma. Ali ni yeye mwenyewe, Hamad ni baba, Juma ni babu. Akipata mtoto akamwita Said, mtoto ataandikwa Said Ali Hamad. Juma keshatoka kwenye karatasi.

Ndiyo maana wengi wanaotafuta asili yao hukwama mapema. Jina la tatu si la ukoo, ni la babu tu. Ukihesabu miaka 30 kwa kizazi, aliyezaliwa 1990 babu yake ni wa 1930 hivi. Kufika 1870 unahitaji majina mawili zaidi, na hayo hayamo kwenye kitambulisho chako.

Anza na wazee, uliza mahali

Waombe wakuhesabie nasaba, fulani bin fulani, upande wa baba na wa mama. Kisha uliza kijiji, shamba na makaburi. Kina Juma na kina Khamis wamejaa kisiwa kizima. Utawatofautisha kwa kujua huyu ni Juma wa wapi.

Kama mna jina la kabila

Mazrui, Barwani, Riyami na Kharusi ni majina ya makabila ya Oman. Mazrui waliotawala Mombasa walikuwa na nguvu Pemba pia hadi miaka ya 1820. Lakini usikimbilie kusema ni damu: wapo waliokuwa watumwa wa familia hizo ambao wao au wazao wao walikuja kutumia jina la bwana.

Angalia karafuu

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mashamba yalipanuka, na watumwa kutoka bara, wengine mbali kama Nyasa, walizidi kuletwa. Wengi walipewa majina mapya, kama Mabruki au Feruzi. Jina la kwao halikuandikwa.

Karatasi ziko wapi?

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria. Aliyetaka uhuru alitakiwa kuuomba, na bwana wake alilipwa fidia. Masuria hawakuguswa na amri hiyo mpaka 1909. Maombi hayo, pamoja na kesi za mirathi na hati za mashamba, yameacha kumbukumbu. Pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, Unguja.

Jiandae: karatasi nyingi za zamani zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na tarehe za Hijria. Mwaka 1300 Hijria, kwa mfano, ulianza Novemba 1882. Kama husomi hati hizo, nenda na anayezisoma.

Kwa nini baadhi hunyamaza

Ukiuliza nasaba, unaweza kuwa unauliza nani alikuwa bwana na nani mtumwa. Wapo wazee wanaoificha habari hiyo kuwalinda wajukuu wasidharauliwe, hasa kwenye posa. Usilazimishe, wala usitangaze jambo la nyumba ya watu bila ridhaa yao.

Lakini usichelewe. Nasaba inaweza kuhitajika kwenye mirathi au wakfu wa familia. Andika kila jina, mahali, na nani kakuambia. Mzee akifariki, majina mawili unayoyatafuta huenda naye.