Arki ya Keki Haikutengenezewa Mapafu

Simu ya mtoto wa dada yangu huja Jumapili jioni, saa ambayo anajua nimeshamaliza kupiga pasi. Anaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Jumapili ile aliniamkia kama kawaida yake, "Shikamoo mama mdogo," nikamwitikia, tukaulizana habari za wazee, kisha akatoa ombi. Kuna mtu anasafiri kutoka Dar wiki ijayo. Je, ningeweza kumpa vichupa viwili vya arki, kimoja cha waridi na kimoja cha vanila? Na kama yatapatikana, mafuta kidogo ya karafuu ya Pemba?

Nikafurahi, nikidhani kaanza kuoka. "Hapana mama mdogo, nataka kuchanganyia juisi ya vepu. Huku ladha za nyumbani sizipati. Na hizo ni za chakula, hazina neno."

Kauli hiyo ya mwisho ilinikosesha usingizi, maana mimi mwenyewe ningeweza kuitamka. Nimeoka keki kwa arki hizo kwa zaidi ya miaka ishirini, nimewalisha watoto wangu na wa jirani, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Kijana huyu si mzembe. Alivuta sigara tangu akiwa kidato cha nne, na vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ndiyo iliyomtoa huko miaka mitatu iliyopita, jambo ambalo huduma ya afya ya Uingereza yenyewe huwashauri wavuta sigara walifanye. Nilishukuru, na bado nashukuru. Nimemwona kwenye kamera ya simu akichanganya: mizani ndogo ya kidijitali juu ya meza ya jikoni, chupa ya propilini glaikoli, chupa ya glisarini, mabomba ya sindano yasiyo na ncha, glavu mikononi, na vichupa vya nikotini vya mililita 10, maana sheria ya kule hairuhusu kichupa cha nikotini kizidi hapo wala nikotini yenyewe izidi miligramu 20 kwa mililita. Anapima kwa makini kuliko ninavyopima unga. Kinachobaki bila kipimo ni ladha. Hapo anakwenda kwa pua na kwa neno lililoandikwa kwenye kibandiko: chakula.

Basi usiku ule nilifungua kabati nikatoa kichupa changu cha vanila, nikavaa miwani. Picha ya keki. Maelekezo ya kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya unga. Halafu viungo: maji, ladha, rangi, kihifadhi. Neno "ladha" limesimama peke yake, na sheria za chakula za nchi nyingi zinaliruhusu lisimame hivyo. Ndani ya neno hilo moja mnaweza kuwa na kemikali kumi, ishirini au zaidi, na mtengenezaji halazimiki kuzitaja moja moja. Anachoahidi ni kwamba ukizila kwa kiasi hicho hutadhurika. Nchini Marekani, ambako ladha nyingi zinazotumiwa na wachanganyaji wa majumbani hutengenezwa, utaratibu wa kuhesabu kiungo kuwa salama upo tangu mwaka 1958, nao ni wa chakula. Chama cha watengenezaji ladha wa huko kimetamka wazi kwamba ithibati hiyo inahusu kumeza tu na haihusu kuvuta, na kwamba asitokee mtu wa kuitumia kama kibali cha kutia ladha kwenye vepu. Wenye mali ndio wanaosema hivyo.

Kwa nini iwe tofauti? Nadhani anayetaka kulielewa jambo hili aanzie Jasper, mji mdogo katika jimbo la Missouri.

Pale Jasper kulikuwa na kiwanda cha bisi, zile za kupasha kwenye maikrowevu, zenye harufu nzito ya siagi. Mei 2000, daktari mmoja aliwaarifu maofisa wa afya wa jimbo kwamba watu wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda hicho wana ugonjwa wa mapafu ulio nadra mno. Njia ndogo kabisa za hewa ndani ya mapafu yao zilikuwa zimepata makovu na kuziba. Ugonjwa huo haurudi nyuma. Wengine walifikia kuandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri kupandikizwa mapafu. Taasisi ya serikali inayochunguza afya kazini ilipopima wafanyakazi waliokuwepo, iliwakuta wenye njia za hewa zilizobana wakiwa mara 3.3 ya idadi iliyotarajiwa. Kwa wale ambao hawajawahi kuvuta sigara, tofauti ilikuwa mara 10.8.

Wachunguzi wakaangalia nani anasimama wapi. Walioumia zaidi ni wale wa chumba cha kuchanganyia, ambako mtu alikuwa akimimina ladha ya siagi kwenye tangi la mafuta ya soya yaliyopashwa moto. Kifuniko kikifunguliwa, mvuke unampanda usoni. Wengine ni wapima ubora, ambao kazi yao ilikuwa kupasha pakiti za bisi kwenye maikrowevu na kuzifungua, moja baada ya nyingine, zamu nzima. Kemikali iliyotajwa ni daiasetili. Si sumu ya ajabu. Imo kwenye siagi halisi, imo kwenye bia na mvinyo, na watu wameila tangu walipojifunza kusukasuka maziwa. Mlaji wa bisi zile aliondoka na ladha mdomoni. Aliyezichanganya aliondoka na mapafu yaliyoziba.

Tumbo ni kama forodha. Kinachoingia hukutana na asidi, hukatwakatwa, kisha damu inayotoka utumboni hupita kwanza kwenye ini, na ini hukagua, hubadilisha, hutupa. Pafu halina forodha. Lina mamilioni ya vifuko vya hewa vyenye kuta nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kwa sababu oksijeni lazima ivuke upesi kuingia kwenye damu. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya oksijeni hauulizi nani mwingine anapita.

Mwaka 2007 ilitokea habari ya mwanamume wa Colorado ambaye hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alipenda bisi za siagi tu. Kwa miaka alikula pakiti mbili kwa siku, na kila anapofungua pakiti aliunusa ule mvuke wa kwanza kwa raha zake. Daktari wake, Cecile Rose, mtaalamu wa mapafu huko Denver, aliona dalili zilezile alizoziona kwa watu wa viwandani, akaziandikia mamlaka za serikali. Mwaka huohuo kampuni kubwa za bisi zikaanza kuiondoa daiasetili. Na hapa ndipo wachanganyaji wanaposhikilia kibandiko kinachosema "haina daiasetili" kama hirizi. Lakini mahali pa daiasetili baadhi ya watengenezaji waliweka ndugu yake wa karibu, asetili propionili, yenye harufu ileile ya siagi. Ilipojaribiwa kwa panya, ikaonekana nayo inaharibu njia za hewa vivyo hivyo.

Sasa vepu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za vepu zilizokuwa zikiuzwa. Daiasetili ilikuwamo katika 39, na moja au zaidi ya kemikali tatu za jamii hiyo ilikuwamo katika 47. Nyingi hazikuwa za siagi hata kidogo, kwa maana ladha hizi hutiwa kulainisha matunda, krimu, karameli na vanila. Haki inanitaka niseme pia kwamba moshi wa sigara una daiasetili nyingi kuliko vepu, na kwamba ugonjwa wa Jasper haujaonekana kusambaa miongoni mwa wavuta vepu. Lakini hoja hiyo inamsaidia anayetoka kwenye sigara. Asiyevuta chochote haimpi sababu ya kuanza, na aliyekwisha kuvuka haimpi sababu ya kujiongezea mzigo ambao angeweza kuutua.

Kuna jambo jingine ambalo sisi waokaji tungepaswa kulihisi haraka, maana tunajua mchanganyiko uliolala usiku si uleule wa jioni. Mwaka 2018 watafiti wa Yale na Duke walionyesha kwamba baadhi ya ladha, ikiwemo vanilini inayotoa harufu ya vanila, na zile za mdalasini na cheri, huungana zenyewe na propilini glaikoli ndani ya chupa. Hakuna moto uliowashwa. Chupa imekaa kabatini tu, na taratibu huzaliwa kemikali mpya ambazo hazikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na kemikali hizo ziliziamsha kwa nguvu zaidi neva zinazohisi mwasho. Kwa hiyo hata mchanganyaji anayejua kila kitone alichotia, baada ya wiki mbili hajui anachovuta. Baadaye kuna koili, ule waya unaopasha juisi. Keki yangu huiva kwa nyuzi 180. Waya wa vepu, pamba yake ikikauka, hupita hapo mbali sana.

Nilichukua kalamu nikaandika yale aliyoyaomba na mengine ya nyumbani ambayo angeweza kuyajaribu, nikayapitia moja moja.

Mafuta ya karafuu niliyakataa kwanza. Nayapenda, mama yangu alitutilia kwenye jino linalouma kwa kijiti chenye pamba, na ganzi ile naikumbuka mpaka leo. Ganzi hiyohiyo ndiyo inayonitisha. Kitu chenye nguvu ya kuzima jino, kikiwa mvuke ndani ya kifua, sitaki kujua kitafanya nini. Mafuta ya kupikia, ya nazi au samli ni mabaya kwa namna nyingine: pafu halina njia ya kuyeyusha mafuta, hukaa humo na kuleta nimonia isiyotokana na kijidudu chochote.

Arki nyingi za waridi za madukani zina rangi, na rangi haina kazi yoyote pafuni. Vanila yangu ina maji, rangi na kihifadhi. Mdalasini nao usitiwe kabisa; kemikali inayoupa ule ukali huzorotesha vinyweleo vinavyofagia uchafu kutoka kwenye njia za hewa. Asali, sukari na sharubati huungua kwenye koili kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Na ile glisarini ya kupaka, iliyo karibu katika kila nyumba yetu wakati wa baridi na vumbi, ibaki kwenye ngozi. Tulijifunza kwa uchungu mwaka 2022 kule Gambia, dawa za kikohozi za maji zilipokutwa na uchafu wa sumu unaoweza kuingia kwenye glisarini na glaikoli zisizopimwa, na watoto zaidi ya 60 wakafa.

Mtu akiniambia kwamba nakuza mambo, nitamtajia vitamini E. Tunaimeza kwa vidonge, tunaipaka usoni, hakuna anayeiogopa. Mwaka 2019 Marekani ilishtuka kwa vijana wazima kufikishwa hospitali wakihema kwa shida. Kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliokufa 68. Wengi wao walikuwa wametumia vepu za bangi zilizonunuliwa vichochoroni, ambazo wauzaji walizinenepesha kwa vitamini E asetati. Maabara ilipochunguza maji yaliyosafishia mapafu ya wagonjwa 51, iliikuta kwa 48. Kitu kilichokuwa salama kumezwa, salama kupakwa.

Huku kwetu sheria zinatembea kwa kasi tofauti. Uganda ilizipiga marufuku sigara za kielektroniki katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Sheria yetu Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule ambao mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alikuwa akitengeneza kifaa cha kwanza cha aina hii tunayoiona leo mikononi mwa vijana. Uingereza, juisi inayouzwa dukani haina budi kuandikishwa, na daiasetili, rangi na vitamini haviruhusiwi ndani yake. Lakini hakuna mkaguzi anayeingia jikoni kwa mtu. Meza ile ya Leicester haina wa kuilinda isipokuwa aliyekaa mbele yake.

Nilimpigia Jumatano, sikungoja Jumapili. Nilimsomea yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Sasa mama mdogo, niweke ladha gani?"

Nikamwambia asiweke. Nikotini ndiyo aliyoihitaji kuachana na sigara, na nikotini haihitaji waridi. Kama hawezi, basi anunue iliyokwisha kuandikishwa, ladha moja nyepesi, mbali na krimu, siagi, karameli na mdalasini, kuliko kubuni yake. Na zile chupa za nikotini azifungie juu, kwa sababu binti yake ana miaka miwili na anapanda viti. Mwezi Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alikufa katika jimbo la New York kwa kumeza kimiminika kama hicho.

Msafiri alipokuja nilimpa vanila, lakini ya mke wa kijana wangu, anayeoka maandazi na keki za Idi, pamoja na karafuu kavu za pilau robo kilo. Jumapili iliyofuata kijana alinionyesha kichupa chake kwenye kamera, kimiminika cheupe kama maji. Nikotini ameishusha kutoka miligramu 12 hadi 6. Anasema haina ladha yoyote, na kwamba siku nyingine anaisahau mezani anapokwenda kazini, asikumbuke mpaka jioni.