NILIZIKA MFUKO, NIKAUKUTA MZIMA!

Wiki hii weka pembeni stori za mapenzi, maana nina kisa cha takataka. Usicheke! Takataka hizo nusura zinihamishe Ilboru.

Napanga huko, juu kidogo ya mji wa Arusha, uani kwa mama mmoja mwenye migomba, mchicha na, mwaka 2018, ng'ombe mmoja wa maziwa. Mimi nina mbwa, anaitwa Popi. Enzi hizo rambo zilikuwa za bure. Ukinunua nyanya tatu soko la Kilombero unapewa rambo, ukinunua kiberiti dukani unapewa rambo. Basi mabaki ya ugali, maganda, hadi kinyesi cha Popi, vyote nilivifunga kwenye rambo na kuviweka getini kusubiri gari la taka. Gari likichelewa siku tatu, mbwa wa mtaa wanachana na upepo unamalizia kazi.

Siku moja yule ng'ombe akagoma kula, tumbo likajaa. Daktari wa mifugo akaja, akahangaika naye, wapi! Ikabidi achinjwe. Tumboni likatoka furushi la rambo zilizosokotana, kubwa kama mpira wa miguu. Hakuna aliyenitaja. Mama aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, hiyo ilikuwa ada ya wajukuu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwaka uliofuata, Aprili 9, 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kuwa mwisho wa rambo umefika. Kuanzia Juni 1 zikawa marufuku Tanzania Bara. Ukidakwa nayo, faini shilingi 30,000 hadi 200,000, au siku saba ndani, au vyote viwili. Wenzetu wa Zanzibar walishatangulia tangu 2006. Nikashangilia, nikahamia kwenye ile mifuko mbadala, laini kama kitambaa. Kumbe mingi yake imetengenezwa kwa polipropilini. Plastiki ni yuleyule, kabadili shati tu!

Mwaka jana nikajifanya mjanja zaidi. Nikanunua mifuko ya kijani ya taka, imechorwa jani na kuandikwa kwamba inaoza. Bei yake si mchezo, lakini nikajiambia, deni la ng'ombe ndio nalilipa hivi. Mama akaniambia, "Kama unaoza, uzike tuone." Nikautia maganda, nikauzika chini ya mgomba kabla ya masika.

Miezi sita baadaye tukafukua. Maganda yalikuwa yameisha, udongo mweusi kabisa. Lakini mfuko, msomaji wangu, ulikuwepo! Umechanika kidogo, ila jani bado la kijani. Mama akacheka hadi machozi. "Jani lako hili mwanangu, mbona halinyauki?"

Nikaanza kuuliza na kusoma, na nilichokikuta ni hiki. Mifuko "inayooza" haifanani. Ipo ya plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ili ivunjike vipandevipande. Vipande vinabaki plastiki ileile, tena vidogo vya kuliwa na kuku. Aina hiyo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu Julai 2021. Ipo pia iliyotengenezwa kwa wanga, kama wa mahindi. Hiyo huoza kweli, lakini mingi imepimwa kwa joto la nyuzi kama 58 kwenye mitambo ya mboji. Shimo la nyumbani halifiki huko na kudumu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, tafuta ile iliyoandikwa wazi kuwa inaoza kwenye mboji ya nyumbani. Na hata hiyo, ukiipeleka dampo la Muriet ikafukiwa chini ya taka nyingine bila hewa, haiozi kama mboji. Ikioza, inatoa gesi ya methani inayoongeza joto duniani.

Sasa tufanyeje? Uani kwetu tumekubaliana hivi. Ndoo mbili. Ya kwanza ni ya maganda na mabaki, haina mfuko wowote, inakwenda moja kwa moja kwenye shimo la mboji, juu unatupia majivu na majani makavu ya mgomba. Ya pili ni ya vitu vikavu. Jaribu wiki moja utashangaa. Kinachonuka na kuita mbwa wa mtaa kikiondoka, zinazobaki ni taka chache tu.

Popi ana shimo lake peke yake, mbali na mchicha na mbali na mfereji. Hapa sina utani. Kinyesi cha mbwa kinaweza kuwa na mayai ya minyoo yanayokaa udongoni hata miaka, na watoto wanaochezea udongo huo wanaweza kuyameza. Usikitie kwenye mboji ya mboga, na mbwa apewe dawa ya minyoo. Usikitupe mtoni pia. Maji ya Themi na Naura yanashuka kutoka Meru yakipita katikati ya mji, na kuna watu huko chini wanaoyatumia.

Pampasi ndizo zimenishinda. Hizo bado nazifunga kwenye mfuko, kwa mfuniko mzito, hadi gari lije.

Mwezi uliopita mama kanunua mtamba. Asubuhi ananipa maganda ya ndizi nimpelekee mwenyewe, kwa mkono, bila mfuko. Nadhani nimesamehewa.

Na gazeti hili, ukishamaliza kulisoma, usilitupe. Fungia uchafu wa mbwa wako ulioufagia, uzike vyote pamoja. Lenyewe linaoza kweli!