Jani la Dawa Siyo Kidonge



Mama mmoja alimleta mtoto wake zahanati. Mtoto alikuwa na malaria kali na degedege. Kwa siku tatu alikuwa akinyweshwa chai ya majani ya atemisia. Tulimpa huduma ya kwanza, tukampeleka hospitali. Alipona, lakini ilikuwa bahati.

Mama aliniuliza, "Daktari, si mlisema dawa ya mseto hutokana na majani hayo?"

Ni kweli. Mwaka 1972 wataalamu wa China, akiwemo mama Tu Youyou, walitoa kiini cha dawa ndani ya mmea huo. Kiini hicho huitwa atemisinini. Tangu mwaka 2006 Tanzania Bara ilichagua dawa ya mseto kutibu malaria.

Sasa tufuate safari ya jani. Kwanza majani hukaushwa. Kiwandani kiini hutolewa na kusafishwa. Kilo nzima ya majani hutoa gramu chache tu. Kisha kiini hubadilishwa kidogo, kikawa atemetha, ili kifanye kazi vizuri zaidi mwilini. Atemetha huchanganywa na dawa ya pili, lumefantrini. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 20 za atemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Kila kidonge kina kipimo hicho hicho.

Je, chai ya majani ina kipimo gani? Hakuna ajuaye. Majani ya shamba hili hayalingani na ya shamba lile. Tena atemisinini haiyeyuki vizuri katika maji. Mgonjwa hupata dawa kidogo, na dawa ya pili haimo kabisa. Vijidudu havifi vyote. Vinavyobaki huweza kuizoea dawa.

Basi, fanya hivi:

1. Ukiona homa, nenda zahanati mapema ukapimwe damu.

2. Usinunue vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi.

3. Tunza dawa pakavu, mbali na jua na watoto. Unyevu na joto huiharibu.

4. Meza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Mafuta husaidia dawa kuingia mwilini.

5. Maliza dozi yote ya siku tatu, hata ukipata nafuu.

Ndugu, mmea umetupa dawa. Usafi na kipimo ndivyo vinavyoifanya iponye.