Chai ya Jioni: Biskuti za Tende, na Bibi Naye Ale

Saa kumi na moja jioni. Umerudi skuli, umeoga, njaa inauma. Birika la chai liko mezani, linanukia iliki na mdalasini. Mara linaletwa sinia: visheti, kaimati zilizozama kwenye shira, pengine na keki. Kila mtu ananyoosha mkono, isipokuwa bibi. Yeye ana kisukari. Anapewa kikombe cha chai kavu na kuambiwa, "Bibi, hivi si vyako." Anacheka kidogo, ananyamaza.

Je, kwenu yuko mtu kama huyo? Pengine ni bibi, pengine baba, pengine ni wewe mwenyewe. Leo tunakufundisha kupika kitu kitamu ambacho unaweza kukiweka mbele ya watu wote. Na tutasema kweli: kitamu ni kitamu, lazima kuwe na kiasi.

Wavulana, msifunue ukurasa! Ati kupika ni kazi ya wasichana? Hebu tembea Mji Mkongwe alfajiri uone nani anaoka mikate ya boflo. Tazama nani anakoroga sufuria la halua. Wengi wao ni wanaume, tena mafundi hasa. Kujua kujipikia ni sehemu ya kujitunza.

TENDE IMETOKA WAPI?

Mtende haustawi sana kwetu, kwa sababu matunda yake yanataka joto kali na hewa kavu. Tende zimekuwa zikifika Unguja kwa majahazi kutoka Oman na nchi nyingine za Ghuba. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa yamepakia karafuu na bidhaa nyingine. Leo tende huja kwa meli kubwa, lakini ukipita Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, bado utazikuta, hasa Ramadhani inapokaribia. Huko Ghuba na nchi nyingine za Kiarabu, biskuti zilizojazwa tende huitwa maamul. Sisi tunazipika kwa namna yetu, na viungo tunavyo hapa hapa: mdalasini, iliki, karafuu.

SUKARI: TUHESABU PAMOJA

Chukua kalamu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula cha siku nzima, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai.

Sasa angalia. Ukitia vijiko 3 katika kikombe kimoja cha chai, na ukanywa vikombe 2, vijiko 6 vimekwisha. Hujagusa hata kaimati moja! Na soda je? Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Piga hesabu ya chupa nzima mwenyewe.

"Lakini tende nayo ni sukari tupu!" utasema. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Lakini sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi kama sukari ya kuongeza. Tunda zima lina nyuzinyuzi, ambazo hulifanya tumbo lishibe na sukari iingie kwenye damu polepole zaidi. Asali, shira na maji ya matunda havimo katika msamaha huu. Hivyo vinahesabiwa pamoja na sukari ya mkebe.

Jambo moja usilisahau: tende hunata kwenye meno. Bakteria wa kinywani hula ile sukari na kutoa asidi inayotoboa meno. Basi kula wakati wa chai, si kumung'unya kutwa nzima, halafu sukutua kwa maji. Kabla ya kulala piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi.

KISUKARI HULETWA NA NINI?

Watu husema mengi. Ukweli ni huu: ukilamba sukari leo, hupati kisukari kesho. Kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuletwi na peremende, wala si kosa la mgonjwa. Aina ya pili, ambayo huwapata zaidi watu wazima, inahusiana na urithi, uzito kupita kiasi na kukaa bila kuushughulisha mwili. Kunywa soda na vitamu kila siku huongeza uzito, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Ukiona wewe au mwenzako ana kiu isiyokwisha, anakojoa mara kwa mara, anachoka na kukonda bila sababu, usingoje. Nendeni kituo cha afya mkapime damu.

HAYA, TUNAPIKA

Vipimo hivi vinatoa biskuti 20.

Kwa unga:
- Unga wa ngano gramu 250 (kama vikombe viwili vya chai)
- Siagi au samli gramu 100
- Maziwa baridi vijiko 4 au 5 vya chakula
- Chumvi kidogo sana
- Sukari: hakuna!

Kwa kujazia:
- Tende laini gramu 200, zilizotolewa kokwa
- Maji vijiko 3 vya chakula
- Mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai
- Iliki punje 4, zitwangwe

1. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua kila tende uitazame ndani, maana wadudu hupenda kujificha humo.

2. Weka tende, maji na viungo kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Ponda kwa mwiko mpaka ziwe laini na nzito. Epua, ziache zipoe.

3. Chekecha unga na chumvi. Tia siagi, fikicha kwa ncha za vidole mpaka uwe kama chenga. Mimina maziwa kidogo kidogo hadi ushikane. Usiukande kama wa chapati, la sivyo biskuti zitakuwa ngumu. Ufunike upumzike dakika 20.

4. Kata madonge 20. Fanya kila donge kuwa kama kikombe kidogo, tia kijiko cha chai cha tende, ziba vizuri, libonyeze kidogo. Chora juu kwa uma.

5. Panga kwenye treya iliyopakwa samli. Oka katika oveni yenye joto la digrii 180 kwa dakika 15 hadi 20, mpaka zianze kuwa nyekundu kwa chini.

Je, tende zimepanda bei? Chukua nanasi au ndizi mbivu, katakata, pika na mdalasini bila sukari mpaka maji yakauke kabisa. Biskuti za namna hii zile siku hiyo hiyo. Za tende, zikishapoa, hukaa siku kadhaa ndani ya kopo lililofungwa.

HUNA OVENI?

Wala usijali. Kabla ya oveni mama zetu walipika mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini. Njia hiyo iliwasaidia wengi umeme ulipokatika Unguja kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini, liweke juu ya jiko la makaa lipate moto. Ingiza treya ndogo, funika kwa sinia la bati, kisha palia makaa juu ya sinia. Siri ni hii: moto mwingi juu, kidogo chini. Tazama baada ya dakika 15.

MOTO SI MCHEZO

Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Ukiivuta, inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, kichwa kinauma, unalegea, na inaweza kuua. Kwa hiyo pikia uani au mahali penye hewa nyingi. Usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga mlango, hata kama kuna mvua.

Kaza mtandio au kanga yako isining'inie motoni. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala yai! Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni au mikononi, nenda hospitali.

NA CHAI YENYEWE?

Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na nafaka. Wasichana, hili linawahusu zaidi kwa sababu mnapoteza damu kila mwezi. Usinywe chai pamoja na chakula. Acha kama saa nzima ipite. Ukiwa unakula maharage, shushia na chungwa au pera, maana vitamini C husaidia kufyonza chuma.

TURUDI KWA BIBI

Biskuti hizi si dawa, wala usimwambie mtu mwenye kisukari ale apendavyo. Unga wenyewe hugeuka sukari tumboni, na tende pia inaongeza sukari kwenye damu. Lakini watu wengi wenye kisukari wanaweza kula kitamu kidogo kilichopimwa. Kwanza muulize anaambiwa nini kliniki. Kama ameruhusiwa, mpe moja, na chai isiyo na sukari yenye tangawizi na iliki nyingi.

Halafu nyinyi wengine kunyweni chai hiyo hiyo. Anzeni kwa kupunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Mezani pawe na sinia moja la watu wote, na asiwepo wa kuambiwa, "Hivi si vyako."

Jaribu Ijumaa hii. Ukiunguza za kwanza, usikate tamaa. Mpishi bora naye aliunguza!